Mwenye Ziwa Alipokuja Kununua Chumvi

Nilipokuwa kijana, shingo yangu ikiwa bado nene, nilibeba kipoyi. Wenzangu wa zamani munaijua: kiti juu ya miti miwili mirefu, muzungu amekaa kule juu kama yai ndani ya kiota, na sisi chini, mabega yanawaka. Safari moja tulitoka Kasongo kwenda Kabambare na muzungu wa pamba, mutu munene sana. Kama alikufa, Mungu amurehemu. Kama hakufa, Mungu amupunguze.

Huyu muzungu alikuwa na kiti kingine, cha kukunja, cha turubai. Jioni tukipumzika, boyi wake anakifungua, yeye anakaa, anavua viatu, anatazama moto. Siku ile akakaa kama kawaida. Turubai ikalia praaa! Akapita katikati ya kiti, magoti yakagusa masikio, na matako yakakaa chini kwa matope ya Maniema kama yetu sisi wote. Tukaangalia nyota. (Nyota hazikuwapo, mvua ilikuwa karibu. Lakini tuliziangalia.) Kesho yake tulicheka njiani mpaka kipoyi ikayumba, na muzungu akalalamika kwamba barabara ni mbaya.

Kiti alikitupa. Mimi nikakiokota, nikakishonea ngozi ya mbuzi, na jioni nikakaa juu yake mbele ya wenzangu, nikaanza kuwaelezea namna muzungu alivyoanguka. Walikuwapo wote, waliona kwa macho yao, lakini walisikiliza kama watu waliokuwa mbali. Hapo ndipo nilijua kazi yangu. Kubeba ilikuwa kazi ya shingo. Yangu mimi ilikuwa ya mudomo.

Tangu ile siku, kiti na mudomo vimezeeka pamoja.

Sasa ninyi munauliza: baba Feruzi, karatasi ni ndogo, hicho kiti kinaingia wapi? Kinaingia hapa: leo nimeumbuka. Nimeumbuka asubuhi, nimeumbuka tena jioni, na kiti kilikuwa shahidi.

Ninawaandikia hapa nje ya kiwanda cha pamba, chini ya taa yao, karatasi iko juu ya goti. Kamio, lori la kwenda Nyangwe, imekwisha kupakia. Shoferi amesema atawaletea maneno haya kama nitamaliza kuandika yeye bado hajamaliza bugali. Basi nitafupisha. (Mumecheka. Ninajua mumecheka. Baba Feruzi kufupisha!) Makosa ya kuandika musinihesabie, mapadri walinifukuza shuleni mbele ya kufika kwa herufi ngumu.

Ninyi mulihamia Nyangwe zamani, hamujui baraza ya Mama Zaina. Mama Zaina ni mujane, anauza kahawa na vitumbua vya muchele, nyumba yake iko mwisho wa mutaa, pale taa za kiwanda zinafika zikiwa zimechoka. Jioni watu wanakuja, wananywa, wanakaa kwa mikeka, na mimi ninakaa juu ya kiti changu ninasimulia mpaka kengele ya kulala. Kiti ni kimoja tu. Munaelewa? Kimoja. Na nikifika pale turubai inapolia praaa, Mama Zaina anafunika mudomo na upindo wa kitenge, anacheka mpaka anashika nguzo ya nyumba kwa mukono asianguke. Ile hadithi ameisikia tangu mume wake akiwa hai. Na bado anashika nguzo. Mutu anaweza kuishi kwa sababu ya nguzo kama ile. (Mimi pia muke wangu alikufa zamani. Nimesema tu. Endeleeni kusoma.)

Kisha akaja Shabani.

Alitoka Kabambare na mvua za kwanza, na sanduku la bati, na miwani ya kioo kimoja. Jicho la pili halina kioo, ni tundu tu. Ukimusikiliza anakutazama kwa tundu. Ukimubishia anakutazama kwa kioo. Jioni ya kwanza alikaa kwa mukeka kama wengine, akaniacha nimalize hadithi ya muzungu, akapiga makofi kidogo, akasema:

“Nzuri sana, kaka mukubwa. Inatuonyesha watu wa zamani waliteseka.”

Watu wa zamani! Yeye mwenyewe meno yake mungeyahesabu bila kujua kuhesabu!

Halafu akanywa kahawa. Akapangusa kile kioo kimoja. Akasema polepole, kama mutu asiyetaka kusema:

“Lakini ninyi wa hapa, munalala namna gani na lile ziwa chini ya nyumba zenu?”

Ziwa munalikumbuka. Ni lile la chini ya kiwanda, ambalo Lualaba ilijaa ikaliacha pale ikarudi kwake bila kulikumbuka. Tangu utoto tulisikia kwamba liko na mwenyewe. Mwenye Ziwa, nyama mukubwa wa majini, wa mugongo wa nundu nundu. Mama zetu walituambia vile tusiende kuzama. Ilikuwa hadithi ya kulala, kila mutu aliiacha ilale. Shabani akaiamusha, akaivalisha koti.

Kweli, koti! Kwa maneno yake, tangu wazungu wawashe taa za umeme kiwandani, Mwenye Ziwa hapati usingizi. Basi alfajiri anageuka umbo la mutu, anapanda mutaani. Anavaa koti refu la kuficha nundu. Uso wake ni mweupe, lakini si weupe wa muzungu, ni weupe wa kitu kilichokaa sana majini. Anapita katikati ya watu, hasemeshi mutu, anakwenda dukani kutafuta chumvi, sababu ndani ya ziwa chumvi hakuna.

“Ndani ya muji? Mbele ya polisi?” mutu akauliza.

“Polisi anatazama kipande chako, ile karatasi ya jina lako,” Shabani akasema. “Nani anatazama miguu? Utamujua kwa miguu. Pale anapopita, maji yanabaki.”

Wote wakatazama miguu ya jirani yao. Mimi pia nilitazama yangu. Mama Zaina akasahau birika mukononi, kahawa ikamwagika yote kwa jiwe. Ndugu zangu, nimesimulia pale miaka na miaka. Kwangu birika haijamwagika hata mara moja. Nilisikia kitu kifuani, kama mbuzi anayetafuna kamba yake.

Baada ya hapo mikeka ikageuka. Zamani mikeka yote ilitazama kiti. Sasa ilimutazama Shabani, na kiti kikabaki kinatazama migongo ya watu. Mimi juu yake. Jioni moja nilianza hadithi ya muzungu, nilipofika kwa praaa mutu akasema, “Nyamaza kidogo, baba, Shabani anataka kusema kitu.” Nikanyamaza na muzungu wangu bado yuko hewani, hajafika chini. Mpaka leo hajafika.

Nikaamua kupeleleza. Nilijiambia hivi: kama nyama hakuna, Shabani ni mwongo, watu watamucheka, mikeka itarudi. Kama nyama iko, nitamuchoma mukuki, na hadithi itakuwa yangu mimi, si yake. Pande zote mbili ninashinda. (Kulikuwa na upande wa tatu. Sikuuona.)

Nilipeleleza kama polisi. Asubuhi moja nikaona maji njiani. Matone, matone, matone, kutoka ziwani mpaka katikati ya nyumba za watu, na kando ya matone nyayo za miguu, bado mbichi!  Nikafuata ile njia mpaka karibu na ziwa, nikasikia harufu. Jamani, harufu! Kitu kimeoza lakini hakijafa. Na kule kwa majani marefu, mapovu yalikuwa yanapanda, blu, blu, blu, kama mutu mukubwa anavuta pumzi chini ya maji.

Musifikiri niliogopa. Nilikasirika. Kumbe Shabani anasema kweli! Angekuwa mwongo tu, ningemusamehe siku moja.

Jana jioni nikafika kwa Mama Zaina mapema, mbele ya watu wengi kuja. Nikasimama vizuri, tumbo ndani.

“Mama Zaina, kesho alfajiri ninakwenda mwenyewe.”

“Kwenda wapi, baba Feruzi?”

“Ziwani. Njia yake nimeiona. Maji yake nimeyaona. Harufu yake nimeisikia, na pale anapopumulia ninapajua.”

Akaweka birika chini. Akanitazama sana.

“Baba Feruzi, yale maji ya njiani…”

“Usiogope, mama.”

“Siogopi. Ninasema yale maji, na ile harufu, ni ya…”

“Mama Zaina,” nikamukata, na sauti nikaishusha chini kama mume wa mutu, “hii ni kazi ya wanaume.”

Akafunga mudomo. Kisha akaufunika na kitenge. Nilifikiri ni woga juu yangu, nikasikia utamu mpaka kwa vidole vya miguu. Shabani alikuwa amekwisha kufika, amesimama nyuma, ametusikia. Akanitazama kwa tundu.

“Uvae koti, kaka mukubwa,” akasema. “Asubuhi kule kuna baridi.”

Mpaka sasa sijui alisema vile kwa wema ama kwa ubaya. Ndiyo shida ya Shabani. Huwezi hata kumuchukia ukatulia.

(Shoferi ameongeza bugali. Vizuri, nina nafasi. Lakini mimi leo bugali siitazami. Mutajua juu ya nini.)

Basi, leo. Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika karibu na alfajiri. Nikavaa koti langu refu la zamani, la askari, lile ambalo vifungo vyake viliisha. Nikachukua mukuki wa samaki wa jirani yangu. Nikashuka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa kama uji juu ya chungu, huoni ng’ambo, huoni hata vidole vyako. Nikapita njia ya upande wa majani, si ile ya kila siku. Nikangoja.

Ukungu ukafunguka kidogo. Nikaona nundu.

Nikasema, ni gogo. Nyuma yake nikaona nundu ingine. Nyuma ya ile, ingine tena! Zimefuatana, zimepangwa vizuri, zinapanda zinashuka na maji, polepole, kama mutu aliyeshiba anapumua. Na harufu ile. Na mapovu yale. Nikaanza kusali Baba Yetu, nikafika kwa chakula ya kila siku, nikasahau iliyobaki. (Mungu anacheka sana, mapadri hawatuambii.)

Nikafikiri juu ya mikeka. Nikafikiri juu ya nguzo. Nikapiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi, nikatupa mukono wote, nikachoma ile nundu ya mbele.

Mukuki uliingia laini. Laini mno, kama kuchoma ndizi iliyoiva sana. Nundu ikatoa hewa, fuuuu, yote usoni mwangu, na vitu vyeupe vikaruka vikanijaa macho, pua, ndevu. Nikavuta. Hapo ndipo nyama yote ikanijia! Nundu zote, moja nyuma ya ingine, zikageuka zikanifuata! Nikarudi nyuma, muguu ukaingia ndani ya kitu kama mukia, mukia ukanikaza, nikaanguka ndani ya ziwa na koti langu, na mukuki, na sala iliyobaki.

“Amenishika!” nikalia. “Mwenye Ziwa amenishika muguu! Nisaidieni! Ananivuta!”

Maji yalikuwa ya kiunoni. (Hii nimejua baadaye. Mutu aliyelala ndani ya maji ya kiunoni anaweza kuzama vizuri sana.) Nilipiga ile nyama ngumi. Niliiuma, ndugu zangu. Niliiuma kwa meno! Na ndani ya mudomo wangu nikasikia utamu-uchungu ninaoujua. Utamu-uchungu wa nyumbani. Wa tangu kuzaliwa.

Nikatulia. Nikapangusa jicho moja. Kwa ukingo walikuwa wamesimama wanawake wa mutaa wetu, beseni kichwani, vitenge vimefungwa vya kuogea. Mbele yao, Mama Zaina.

“Baba Feruzi,” akasema taratibu, “mihogo yangu imekukosea nini?”

Munaona sasa. Zamani wanawake waliloweka mihogo kwa kijito. Lakini muzungu wa usafi alikataza, harufu ilikuwa inamufikia mezani. Wakahamia ziwani, kwa majani, pale wanapooga. Kila mumoja na kikapu chake, vikapu vyote kwa kamba moja, mawe juu ya kukandamiza, mihogo ikae mule mpaka ioze vizuri, ilainike, itoe uchungu. Mvua ya usiku ilipandisha maji, mawe yakateleza, vikapu vikaelea. Na yale maji ya njiani? Wanawake wanaobeba mihogo iliyolowa nyumbani, inachuruzika. Nyayo zao. Harufu yao. Mapovu yao. Kila mwanamuke wa Kasongo alijua. Mwanaume hata mumoja hakujua, sababu pale wanapooga hatupiti, na nani kati yetu aliwahi kuuliza bugali inalala wapi mbele ya kufika kwa sahani? Nusu ya muji ilikuwa inaogopa kitu ambacho nusu ingine inakipika kila siku.

“Amemuua!” mwanamuke mumoja akapaza sauti. “Mwenye Ziwa amekufa!”

“Baba, mutoe matumbo kwanza, ndipo tupike!”

“Aachie shingo, shingo ni ya mukwe wake!”

“Mumuache, amemuuma mwenyewe, ni nyama yake!”

Walicheka wakakaa chini. Mama Zaina peke yake hakucheka. Aliingia majini, akafungua kamba kwa muguu wangu kama mutu anayefungua mbuzi.

“Jana nilitaka kukuambia,” akasema. “Ukasema ni kazi ya wanaume.”

“Mama Zaina, nitaokota yote. Kipande kwa kipande.”

“Utoke tu. Tunataka kuoga.”

Nikatoka, nimefumba macho, kama heshima inavyotaka. Na mutu aliyefumba macho hachagui njia. Nilifuata muguu mbele ya muguu, nikapanda, nikapanda, nikasikia sauti za watu, nikafungua macho. Sikuwa nyuma ya nyumba yangu. Nilikuwa mbele ya duka la Mugiriki, na leo chumvi ilikuwa imefika, na Kasongo nzima ilikuwa imejipanga pale na makopo.

Munione kama walivyoniona. Koti refu. Ndani ya koti, mugongoni, kipande cha kikapu kimenasa kimevimba. Uso mweupe na ndevu nyeupe, mihogo tupu. Ukungu nyuma yangu. Ninatoka upande wa ziwa, sisemi neno, sababu mudomo umejaa.

Fundi wa cherehani aliyekaa kwa baraza ya duka alisimama. Aliondoka. Cherehani yake iliendelea kushona peke yake kidogo.

“Koti,” mutu akasema.

“Uso,” mwingine akasema.

“Miguu! Mutazame miguu!”

Nikatazama miguu. Maji yalikuwa yanabaki kila mahali nilipopita. Ninawaambia ukweli, kwa ile dakika hata mimi nilisadiki.

Makopo yakaanguka yote pamoja. Wengine wakaruka ukuta, wengine wakaingia chini ya meza, polisi akapiga filimbi huku anarudi kinyumenyume. Nikataka kuwaambia ni mimi, nikanyosha mukono ndani ya duka. Mugiriki, mutu wa masharubu makubwa ambaye hajawahi kutoa kitu bure tangu aingie Kongo, akajaza pakiti ya chumvi, akaisukuma juu ya meza na kijiti cha kupimia nguo.

“Twaa!” akalia. “Twaa bure! Kwenda! Kwenda kwako!”

Nifanye nini? Nikatwaa. Nikameza mihogo ya mudomoni, nikasema, “Mersi, bwana.”

 Watu hawakujua kwamba Mwenye Ziwa anajua adabu.

Hapo Shabani akatoka kwa umati. Yeye hakukimbia. Sijui alisimama kwa ushujaa ama ile miwani haikumuonyesha vizuri. Akanikaribia, akainua mukono kutuliza watu.

“Ndugu zangu, musiogope. Huyu ninamujua.”

Akatoa kitambaa cha mufukoni, cheupe, kimepigwa pasi. (Nani Kasongo anapiga pasi kitambaa cha makamasi?) Akanipangusa uso polepole, jicho, pua, ndevu, kama mama anapangusa mutoto mbele ya kwenda kanisani. Nikaonekana.

“Ni kaka yangu mukubwa,” akasema. “Jambo, baba Feruzi. Koti limekufaa?”

Kicheko kile! Kilitoka dukani, kikapita sokoni, kikashuka kwa njia ya ziwa, kikakutana na kicheko cha wanawake kilichokuwa kinapanda. Mugiriki alilala juu ya magunia. Nilikwenda kuonyesha watu kwamba Shabani ni mwongo, na sasa Kasongo nzima ilikuwa imeona kwa macho koti, uso mweupe, maji ya miguu na chumvi. Kila neno lake lilitimia. Nililitimiza mimi.

Nilikaa nyumbani siku nzima, mulango umefungwa. Nikaoga. Nikanuka. Nikaoga tena. Na jua lilipoanza kushuka, wazo likanijia, na lilikuwa wazo zuri. Nilijiambia: aliyeumbuka ni mimi, basi atakayesimulia ni mimi. Haya ni yangu, hakuna mutu wa kuninyang’anya. Nitaanza na ukungu. Mihogo nitaificha mpaka mwisho. Pale kwa Mugiriki nitafanya sauti yake. Nikajaribu mbele ya ukuta, “Twaa bure! Kwenda!”, nikacheka mimi mwenyewe. Kwa kweli nilianza kufurahi. Hata muzungu wa kipoyi hakufikia hadithi hii. Nilikuwa ninaona nguzo ya Mama Zaina mbele yangu njia nzima.

Nikafika. Mikeka ilijaa mpaka njiani, watu wengine walisimama. Kiti changu ninakiacha pale kila siku, kimekunjwa, kimeegemea ukuta. Leo kilikuwa kimefunguliwa. Juu yake, Shabani.

Na alikuwa anasimulia.

Ndugu zangu, niwaambie uchungu wenyewe: alikuwa anasimulia vizuri. Alinyamaza pale pa kunyamaza. Mapovu aliyafanya kwa mashavu, blu, blu, blu. Mihogo aliificha mpaka mwisho. Na alitia kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau: kwamba nilipopokea chumvi niliinamisha kichwa na kufumba macho, kama mukristo anayepokea komunyo. Ni kweli! Niliinama! Nani alimupa ruhusa ya kuona?

Mama Zaina alikuwa ameshika nguzo. Kwa mikono miwili. Kwa muzungu wangu ilikuwa mukono mumoja tu, miaka yote ile.

Shabani akaniona.

“Kaka mukubwa! Karibu, nilikuwa ninakushikia mahali.” Akasimama, akapangusa ngozi ya mbuzi na kiganja. “Kaa. Umalize wewe. Ni yako.”

Na mikeka yote ikageuka ikatazama kiti. Yote! Kile nilichokilia tangu mvua za kwanza, kilikuja. Nikakaa.  Nikafungua mudomo, na neno la kwanza lililokuja lilikuwa neno la Shabani. Nikatafuta lingine. Lilikuwa lake pia. Ukungu wangu nilioupanga mbele ya ukuta haukuwapo, Mugiriki wangu hakuwapo. Ndani ya kichwa kulikuwa na sauti yake tu, inanisimulia mimi.

“Baba Feruzi,” Mama Zaina akasema, akipangusa machozi ya kicheko, “pale pa chumvi, uliinama namna gani? Utuonyeshe.”

Nikasimama. Wakaanza kucheka hata sijafanya kitu. Nikakunja kiti. Wakacheka zaidi. Nikakitia begani, pale pale pa kipoyi, nikapita katikati ya mikeka, nikikanyaga vidole vya watu, wakazidi kucheka, mumoja akapiga makofi. Walifikiri ni sehemu ya hadithi. Walifikiri nitafika kwa taa, nitageuka, nitarudi ninachuruzika maji.

Nilifika kwa taa. Sikugeuka. Nilisikia Shabani nyuma yangu anasema, “Tumungojee kidogo, anakuja.”

Labda bado wananingoja.

Shoferi ananawa mikono sasa, ananiita. Dada yangu yuko Lusangi, ana nyumba na hana hata kiti kimoja. Ninakwenda kwake kwa miguu, na Kasongo sirudi tena. Kamio itawafikia hadithi ya Shabani ikiwa bado njiani, ndiyo sababu nimeandika mbio. Ninawaomba musicheke. Na kama mutacheka, basi mucheke hii yangu. Ya kwake ikifika Nyangwe, muisikilize yote, mukae kimya.